Dhihaka Haijibiwi kwa Pingu

Mwishoni mwa Oktoba 2019, kwa mnasaba wa siku ya kuzaliwa ya Rais John Pombe Magufuli, mchekeshaji Idris Sultan, ambaye jina lake lilikwisha kuvuma barani tangu aliposhinda shindano la Big Brother Africa mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha mbili zilizobadilishwa kwa programu ya simu, moja ikiwa na uso wake yeye katika kiti cha mkuu wa nchi, na ya pili ikiwa na uso wa mkuu wa nchi juu ya kiwiliwili chake yeye, akaziandikia maneno ya maana hii, kwamba wamebadilishana kazi kwa siku moja ili mwenye siku yake apate kusherehekea kwa raha. Haukupita muda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule akamtaka hadharani aende kituo cha polisi. Akaenda, akahojiwa, akaachiwa kwa dhamana. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, kijana huyohuyo akatoa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais aliyevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Akakamatwa, akawekwa mahabusu takriban wiki nzima, na alipofikishwa katika Mahakama ya Kisutu, shtaka alilosomewa halikutaja kicheko wala suti, bali lilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Rais yule amekwisha kufariki, na simtaji kwa nia ya kumhukumu mtu asiyeweza tena kujitetea. Nakitaja kisa kwa sababu ndani yake mna kila kitu kinachotusumbua leo, toka Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, kila mchekeshaji anapotoa mtandaoni jambo la kuudhi: mna mzaha, mna walioufurahia na waliochukizwa nao, mna mamlaka iliyojiona imevunjiwa heshima, na mna sheria ambayo, kwa kuwa haikupata mahali pa kukikamata kicheko, ilikwenda kukamata kitu kingine. Rai yangu naitoa mapema, ili msomaji asihangaike kuitafuta. Ghadhabu ya watu juu ya mzaha mbaya ni haki yao, tena ni sehemu ya uhuru uleule uliompa mchekeshaji ruhusa ya kufungua kinywa chake, na anayetaka watu wakae kimya wanapokejeliwa hajaujua uhuru. Lakini ghadhabu ikishaazima pingu za polisi, au rungu la genge, imetoka katika haki na kuingia katika dhuluma, na katika wote wawezao kudai kwamba wametukanwa, mwenye madaraka ndiye anayestahili kusikilizwa mwisho.

Watu wa nchi hizi hatukufundishwa mzaha na simu. Tangu zama za misafara iliyoshuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, Wanyamwezi na Wazaramo wamefungamana kwa utani. Na Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, waliugeuza uadui ule kuwa utani, hata leo mjukuu wa huyu akikutana na mjukuu wa yule humwita mateka wake, humtangazia woga wa babu yake mbele ya watu, na yule humrudishia mara mbili, wakaagana wakicheka. Msibani mtani huja akagaagaa mbele ya jeneza, akaigiza mwendo wa marehemu, akausimulia ubahili wake na ulafi wake, akaizuia maiti isitoke mpaka atiwe kitu mkononi, na wafiwa ambao dakika moja nyuma walikuwa wakilia kwa uchungu hujikuta wanacheka ilhali machozi hayajawakauka mashavuni. Hakuna anayekwenda kumshitaki mtani, na anayekasirika ndiye anayeonekana kuwa hakulelewa.

Mgeni akiyaona hayo huenda akayadhania utovu wa adabu, kumbe ndiyo adabu yenyewe, kwa sababu utani una sharti lisilovunjwa: anayetaniwa ana ulimi, na ana zamu. Aliyekudhihaki leo amekubali, kwa tendo lake hilo, kwamba kesho utamdhihaki yeye, na kwamba siku akifiwa utakuwapo kumliwaza kwa kejeli zilezile alizokufanyia wewe. Ndiyo maana mashabiki wa Simba na Yanga, ambao hutiana maneno ya kuumiza kila zinapokutana timu zao, huitwa watani wa jadi na hawaitwi maadui. Hapo ndipo ilipo insafu ya jambo lote, na hapo ndipo ninapopata kipimo cha mzaha wa siku hizi. Sitazami kwanza ukali wa neno, maana watani husemezana maneno makali kuliko yale yanayowatia wachekeshaji mahabusu, bali natazama kama aliyesemwa anaweza kujibu, tena kwa sauti ifikayo mbali sawa na ile iliyomsema.

Pwani nako sharti hilo lilijulikana, ingawa lilivikwa nguo nyingine. Mwanamke aliyechokozwa na jirani yake hakwenda baraza la mudiri. Alitafuta kanga yenye jina la kumfaa mchokozi, akajitanda akapita mlangoni pake, na wiki haikuisha kabla ya kanga nyingine kupita mlangoni kwake yeye. Katika taarabu watu walijibizana kwa vijembe na mafumbo mbele ya hadhara, kila upande na mshairi wake. Wala ulimi huo haukuwa wa majirani peke yao, kwa kuwa Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba katika wimbo wa Kijiti kuilaumu hukumu ya mahakama ya zama za ukoloni katika shauri la mauaji, na watu wakauimba majumbani, nao uko masikioni mwetu hata sasa.

Mtandao umeyavuruga haya, na hatuna budi kulikiri jambo hilo kabla hatujawalaumu watu kwa wepesi wa hasira. Kipande cha video cha dakika moja, kilichokatwa katika onyesho la saa nzima, hutoka ukumbini Dar es Salaam kikafika Mombasa, Bujumbura na Maskati kabla mchekeshaji hajashuka jukwaani, kikawafikia watu ambao hawakulipa kiingilio, hawakusikia maneno yaliyotangulia, wala hawana utani na msemaji. Aliyetaniwa humo hakuambiwa kwamba ni zamu yake. Na kampuni zinazoendesha mitandao hii, ambazo pato lao latokana na matangazo na kwa hiyo hutaka mtu akae macho kodo mbele ya kioo, hazina sababu ya kumpoza mtu aliyekasirika, maadamu mwenye hasira hakai tu akatazama, bali huandika, hujibu, na huwapelekea wenzake wa kikundi cha WhatsApp nao wakasirike. Kwa hiyo nikisema kwamba ghadhabu ya umma ni haki, sisemi kwamba kila ghadhabu imezaliwa kwa watu wenyewe. Nyingine imepikwa, na mpishi wake hana uchungu na dini yetu wala kabila letu.

Hata hivyo mwenye madaraka hawezi kujificha nyuma ya udhuru huo. Mkuu wa nchi ana televisheni, ana redio, ana magazeti, ana msemaji anayelipwa mshahara, ana jukwaa kila aendako, na akitaka kumjibu mchekeshaji anaweza kumjibu mbele ya taifa zima kwa neno moja la kuchekesha, ambalo lingemwinua machoni pa watu kuliko kesi kumi. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianza kumwigiza Rais Daniel arap Moi katika televisheni, sauti yake na fimbo yake, naye yumo bado Ikulu, katika nchi ambayo miaka michache tu nyuma watu walitiwa kizuizini kwa maneno madogo kuliko hayo. Moi aliutawala muda wake hadi 2002 akakabidhi madaraka. Kicheko hakikumwondolea siku moja ya utawala wake. Kiarie naye alichaguliwa na watu wa Dagoretti Kusini kuwa mbunge wao mwaka 2017. Nakitaja kisa hiki kwa kuwa hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi kwamba dola la Kiafrika laweza kuchekwa lisianguke.

Sheria zetu, lakini, aghalabu hazikuandikwa na watu waliokumbuka jambo hilo, kwa kuwa nyingi zimeufanya udhia wenyewe kuwa jinai, na asili yake yafaa kuelezwa. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria ya posta, likakataza kupeleka kwa simu ujumbe wa matusi au wa kuchukiza mno, katika zama ambazo simu zilipitia mikononi mwa wanawake wa ofisi za posta waliokuwa wakiunganisha nyaya, nao wakalazimika kuyasikia maneno machafu ya wapigaji. Kusudi lilikuwa jema, na mtu aliyelindwa alijulikana. Kifungu kile kikarithiwa sheria hadi sheria, kikaingia katika Sheria ya Mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003, na maneno yanayokaribiana nacho sana yakaonekana katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, ambacho kilimtishia jela kila atakayetumia mtandao kumuudhi mtu au kumtia wasiwasi. Mlindwa aliyejulikana akatoweka, akabaki kila mtu, na hasa kila mkubwa. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alikibatilisha kifungu hicho, kwa hoja kwamba maneno yake ni mapana mno na hayana mpaka, hata raia hawezi kujua ni lini amevuka. Uganda nayo, ambako Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa sababu ya igizo lililowaombea dua viongozi wa nchi huku likidokeza kwamba wengi wao wametoka upande mmoja tu, ilishuhudia Mahakama yake ya Katiba ikikibatilisha Januari 2023 kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi.

Tanzania bado haijafika huko. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikataza maudhui yenye kuudhi, zikamwekea mkosaji faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, zikamtaka mwenye blogu alipe leseni na ada zilizopita shilingi milioni 2. Na kanuni zilizozifuata mwaka 2020 zikakataza, miongoni mwa mengi, taarifa zenye kusudi la kuikejeli Jamhuri ya Muungano, bendera yake na wimbo wake wa taifa. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Mchekeshaji mchanga wa Mwanza au Mbeya, asiye na wakili wala jina kubwa, akizisoma nyaraka hizi pamoja hawezi kujua aitii ipi. Naye, kwa kuwa ana mama wa kumtunza na kodi ya chumba ya kulipa, hunyamaza. Watu hawa walionyamaza hawaonekani katika hesabu ya waliokamatwa, nao ndio hasara kubwa tuliyoipata.

Najua wazee wataniuliza: je, heshima? Nao wana haki ya kuuliza, kwani mimi pia nimelelewa katika mila inayomfanya mtoto ashushe sauti mbele ya mkubwa, na siioni mila hiyo kuwa utumwa. Lakini heshima waliyonifundisha wazee wangu ilitoka rohoni, ikakuzwa kwa mfano mwema na kwa haya, na sijapata kumwona mtu aliyeheshimiwa zaidi baada ya kumfunga aliyemcheka. Kinachopatikana kwa pingu ni hofu, na hofu haikatazi dhihaka, huihamisha tu, ikatoka hadharani ambako mkubwa angeweza kuisikia na kujirekebisha, ikaenda kusemwa kwa minong'ono mahali ambapo hataisikia kamwe.

Swali gumu kuliko hilo ni la Rwanda, na mwandishi wa upande huu wa Afrika akiandika juu ya uhuru wa mzaha akaliruka swali hilo, hajawatendea haki waliokufa. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, haikuwavuta wasikilizaji kwa hotuba. Iliwavuta kwa muziki na kwa vichekesho, na mtangazaji wake mashuhuri, Kantano Habimana, alipendwa kwa ulimi wake wa utani, hata watu walijikuta wakizicheka kejeli dhidi ya Watutsi kabla hawajatambua wanafundishwa nini. Gazeti la Kangura lilifanya kazi hiyohiyo kwa maandishi na kwa vikaragosi. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio ile ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na ndani ya siku takriban 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia laki 8. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa mambo ya redio hiyo, na Hassan Ngeze kwa mambo ya gazeti lile.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilitafakari naona kwamba haliwatetei wanaotaka kumfunga mchekeshaji aliyemcheka Rais, bali lawapinga. RTLM haikuwa kijana mmoja mwenye simu akiwacheka wenye nguvu. Ilikuwa chombo cha watu wa karibu na madaraka, kikiwacheka watu waliokuwa hawana sauti sawa ya kujibia, na kilichokifanya kistahili mahakama si kwamba kiliudhi, ni kwamba kilichochea mauaji, kikayaelekeza. Sheria inayokataza kuchochea mauaji na kumtishia mtu maisha yake ni sheria ya haki, na Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatenga mambo hayo waziwazi: propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, na matamshi ya chuki havina kinga ya uhuru wa kujieleza. Aliyesingiziwa uongo ukamvunjia jina lake naye ana mahakama ya madai, akadai fidia. Nje ya hapo, kuchukizwa peke yake hakutoshi kumpeleka mtu gerezani, hata kama waliochukizwa ni wengi, hata kama mimi ni mmoja wao.

Nami nimekuwa mmoja wao. Mwaka 2016 mtu mmoja wa Scotland, Mark Meechan, alitoa video ya mbwa aliyemfundisha kuinua mguu mithili ya saluti ya Wanazi kila aliposikia maneno ya kutaka Wayahudi wauawe kwa gesi, akasema alitaka kumuudhi mpenzi wake tu. Mzaha huo ulinichefua, kwa sababu watu milioni 6 waliouawa hawana zamu ya kujibu. Mahakama ya Airdrie ilimtoza mwaka 2018 faini ya pauni 800 kwa kifungu kilekile cha Uingereza nilichokieleza asili yake. Na matokeo yake ni kwamba watu walimchangia zaidi ya pauni 100,000, akawa shujaa, na mwaka 2019 chama cha UKIP kikamsimamisha kugombea kiti katika Bunge la Ulaya, ingawa hakukipata. Mtu aliyestahili kudharauliwa akapata mimbari, na aliyempa mimbari hiyo ni mwendesha mashitaka.

Sasa nageuka kwa wachekeshaji wenyewe, kwa maana sikuandika haya ili niwape cheti cha kusema lolote wasiambiwe kitu. Fungua simu yako usiku mmoja utakutana na vichekesho ambavyo mcheko wake wote watokana na ufupi wa mtu, rangi ya ngozi ya mwenye ualbino, kigugumizi, lafudhi ya mtumishi wa ndani kutoka shamba, au mama mzee aliyerekodiwa sokoni pasipo idhini yake na kuwekewa muziki wa kuchekesha. Tanzania imeshuhudia wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa kwa ushirikina, na mtu anayejua hayo halafu akaifanya ngozi ya wenzetu kuwa kichekesho amekosa murua. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, aliwachekesha Waswahili wa pande zote kwa miaka mingi, na aghalabu mjinga wa mchezo alikuwa yeye mwenyewe, yule mzee mkaidi, mwenye tamaa, anayenaswa na hila zake. Hakuhitaji kumkanyaga aliyelala chini ili watu wacheke.

Hapa ndipo ghadhabu ya umma inapokuwa kazi njema, na ningependa iwe kali kuliko ilivyo. Watu wamwandikie mchekeshaji wamwambie amekosa, wasinunue tiketi yake, wawaulize wanaomlipa matangazo kama wameridhika na mzaha ule, wampe aliyedhihakiwa nafasi ya kujibu na waisambaze video ya jibu lake kwa bidii ileile waliyoisambazia video ya dhihaka. Hayo yote ni maneno kwa maneno. Lakini kuitangaza namba ya simu ya mchekeshaji ili atukanwe usiku kucha, kumtishia kumbaka akiwa mwanamke, kuwafuata watoto wake shuleni, hayo si ghadhabu ya umma tena, ni jinai, na watendao hivyo ndio polisi wangepaswa kuwatafuta. Tunakumbuka Mbagala, Oktoba 2012, ambapo mabishano ya watoto juu ya msahafu, yaliyoishia kwa mmoja wao kuukojolea, yaliwafanya watu wazima wavamie makanisa na kuyaharibu. Tendo la mtoto yule lilikuwa baya na liliwaumiza Waislamu katika kitu wanachokitukuza kuliko vyote. Lakini waumini waliokuwa wakisali katika makanisa yale hawakuwa na sehemu katika ugomvi wa watoto, na sijaona kitabu cha dini kinachomhesabia thawabu aliyechoma nyumba ya ibada ya jirani yake.

Na liko jambo baya kuliko pingu na genge pamoja, nalo ni gari lisilo na namba. Desemba 2024 vijana kadhaa nchini Kenya, waliokuwa wametoa mtandaoni picha na vikaragosi vya kumkejeli Rais William Ruto, walitekwa. Miongoni mwao mchoraji Gideon Kibet, ajulikanaye kwa jina la Kibet Bull, ambaye alitoweka mkesha wa Krismasi akarudi Januari 6, 2025. Baadhi ya picha zilizokuwa zikisambaa siku zile, zilizomwonyesha kiongozi ndani ya jeneza, zilikuwa za kuchukiza, nami nazilaumu bila kumung'unya maneno, kwani kumtakia mtu kifo si ucheshi. Lakini mzazi aliyekaa siku 13 asijue kama mwanawe yu hai, kwa sababu ya kikaragosi, amefanyiwa uovu usiolingana hata chembe na huo uliotangulia, na Rais mwenyewe, akihutubia Homa Bay siku chache baada ya Krismasi, alisema utekaji utakomeshwa. Ahadi hiyo ni ya hadharani, na Wakenya wana haki ya kuidai mpaka walioteka wafikishwe mahakamani.

Kwa upande wetu wa Tanzania, ombi langu ni kwa Bunge na kwa Wizara inayosimamia habari. Yafungueni mafaili ya kanuni za mwaka 2020, muondoe katika sheria zetu kila neno linalofanya kuudhi na kukejeli kuwa kosa la jinai, muache palepale yanayohusu uchochezi wa mauaji, vitisho na unyanyasaji wa watoto. Na pale raia anapodai kwamba amesingiziwa, mwacheni aende mahakama ya madai kama wengine wote, awe machinga au awe waziri. Wanasheria wetu wanazo hukumu za Nairobi na Kampala za kusoma, na hoja zilizomo humo hazijajibiwa na mtu yeyote Dodoma. Nanyi wasomaji, mbunge wenu akija jimboni, muulizeni hilo mbele ya watu.